Mita Kumi na Moja

Waliniita Jumanne, siku ya kliniki ya viungo,
mashine ya joto imezimika, wakasema,
na fundi wa Dar atakuja mwezi ujao, akija.
Mimi ni fundi redio, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kibanda kati ya kinyozi na muuza bagia.
Sijawahi kutengeneza kitu kinachogusa damu.

Nakijwa, mtaalamu wa viungo,
alinionyesha kasha la kijivu, magurudumu manne, moja bovu,
mikono miwili yenye vifundo kama miguu ya panzi
na sahani mwisho wa kila mkono.
"Hii haiuzwi tena popote," akasema. "Usiniulie."

Nikaufungua mgongo wake.
Vumbi. Mayai mawili ya mjusi.
Na katikati, imekaa kama bibi harusi, vali!
Kioo chenye tumbo, ndugu wa zile za redio ya baba
iliyochelewa kuamka, ikanuka moto kwanza,
ndipo ikasema.

Kibati kiliandikwa: mita kumi na moja.
Nazijua. Ni kule ukingoni mwa masafa mafupi,
baba alikozungusha kitufe usiku
akaambulia mluzi, na mtu akihesabu kwa lugha isiyo yetu.
Basi wimbi ni lile lile, ila hapa haliendi mbali.
Linatoka sahani hii likitafuta sahani ile,
na safari yake yote
ni goti la mtu.

Halichomi ngozi kama kitambaa cha maji moto.
Linapita, linayatikisa maji na chumvi ya ndani
mpaka nyama ijipashe yenyewe.
Nikakumbuka jina tulilorithi: baridi yabisi.
Waliolitunga hawakuwa na vali wala kibati,
lakini walishajua mgonjwa anadai nini.

Kapasita moja ilivimba kama chura.
Nikaunga tatu badala yake,
nilizozing'oa kwenye amplifaya iliyofia harusini.
"Tutajuaje?" nikauliza.
Nakijwa akachukua nyuma ya mlango tyubu ya taa
iliyoungua tangu Ramadhani,
akaishika katikati ya sahani.
Haina waya. Haina soketi. Imekufa.
Ikawaka mkononi mwake.

Wa kwanza kuingia, Bi Mwanamvua Mhando,
miaka ishirini na sita kwenye korona ya mkonge,
amesimama majini, singa zikimpita mikononi.
Akavua bangili. Akachomoa pini za ushungi.
Pete ikagoma; ikaletwa sabuni.
Chuma kina uchu wa wimbi kuliko nyama, Nakijwa akamweleza,
kitapokea chote, kitakuunguza.
Alipokwisha kulala akashtuka,
akafungua fundo pembeni mwa kanga:
sarafu nne za mia mbili, nauli ya kurudi Amboni.
Nikashikishwa mimi.

Dakika ya saba akafumbua macho.
"Kama jua la saa nne," akasema,
"ila limechomoza ndani."

"Na wewe fundi, unachechemea. Kaa, hulipi."
Nikacheka.
Nina bamba la chuma pajani, skrubu sita,
ajali ya bodaboda pale Kange.
Nakijwa akanitazama, akashusha macho kwenye daftari
akaandika jina la mwingine.
Nikakusanya bisibisi zangu.

Siku hizi kila Jumanne, kuanzia saa tatu,
redio zote mezani kwangu hunguruma kwa zamu,
dakika ishirini, kimya kidogo, ishirini tena.
Wateja wanalalamika: hujaitengeneza bado?
Naunyoosha mguu wangu juu ya kigoda.
Nawaambia, subirini kidogo.
Hilo ni goti la mtu.